Kichwa ya Papa Yako

Mujukuu wangu Chantal,

Natangaza rasmi kwa familia yote: jogoo ya Tonton Faustin imekataa kuwika tangu Jumatatu. Sisi wengine tuko salama.

Unauliza kama ni weye uliharibu kichwa ya mutoto kwa kumulaza vibaya, mpaka munganga anamuvalisha kofia ngumu ya kurudisha kichwa sawa. Hapana, mama. Papa yako, angali muchanga, kichwa yake ilikuwa bapa upande mumoja. Nilimulaza sokoni, mimi na beseni ya samaki wenye kurukaruka tuko upande mumoja wake, na kila mara aligeukia upande wetu. Nikajisifu:

"Ananipenda, ananitazama mimi tu."

Mama-mukwe akasema, "Bon, tuone." Akahamisha beseni ngambo ya pili ya mutoto, mimi akaniacha palepale.

Muvalishe kofia vile munganga amesema, usijihukumu. Mutoto anageukia kwenye anapenda.

Papa yako aligeukia samaki.

Koko yako