Picha ya Fundi Baiskeli, na Mama Pembeni

Jumamosi. Mawingu tangu alfajiri, joto limekaza, na mvua yenyewe hainyeshi.

Leo asubuhi mama alipotea. Naandika kwa sababu sijui mikono hii niifanyie nini.

Mama siku hizi anasahau. Anasahau kwamba chumvi ameshatia, kwamba ameshaswali, kwamba baba ameshafariki. Leo mimi nilikuwa sokoni napiga picha, kaka yangu Hamisi yuko bafuni, mama akafungua mlango akaenda zake. Tumezunguka Bagamoyo nzima. Tumeuliza misikitini, tumekwenda hospitali. Hakuna aliyemwona.

Adhuhuri nikafungua picha zangu za asubuhi, basi tu. Katika moja, fundi baiskeli anacheka chini ya mwavuli mwekundu. Nyuma yake, pembeni kabisa, kasimama mama na kanga yake ya zambarau.

Nilimpiga picha mama yangu, na sikumwona.

Nikaituma haraka kwenye makundi ya simu: "Kuna aliyemwona mama huyu?" Majibu yakaja. "Picha kali, dada." "Huyo fundi namjua." Wote walikuwa wanamtazama fundi.

"Kata, bakiza uso tu," Hamisi akasema. Nikakata, nikaukuza. Uso ukawa madoadoa, hata mimi nisingemtambua. Watu wangemjua kwa kanga, kwa mkoba wake wa ukindu, kwa pale aliposimama. Picha ilibidi ibaki, ila jicho limfikie yeye kwanza.

Nikaanza upya. Mwavuli nikaufifisha hadi wekundu ukaisha. Kicheko cha fundi, ambacho ndicho kilichonifanya nipige ile picha, nikakizamisha kivulini. Nikapunguza upande mmoja ili mama asiwe tena pembeni. Kisha nikamwongezea mwanga, kidogo kidogo, machozi yakinizuia kuona kioo cha simu.

Nikampa Hamisi. "Unaona nini?"

"Mama," akasema.

Nikaituma tena.

Alasiri haijaingia, dereva mmoja wa bodaboda akapiga. "Dada, huyo bi mkubwa nilimbeba mimi. Alisema anakwenda shambani kwa mumewe, Makurunge. Nilimshusha njia panda." Hamisi akamwomba aje wafuatane.

Nikabaki barazani na simu mkononi. Sikuweza hata kuomba dua ikafika mwisho. Ilipoita, alikuwa Hamisi. Akampa mama simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Walimkuta kwa mkulima mmoja, mwanamke aliyemkaribisha bila kumjua, wamekaa wanamenya mihogo. Mama amerudi miguu imevimba. Nimemkanda kwa maji ya moto, naye ananiuliza kwa nini nalia.

Leo nilibahatika kuwa na picha yake ya asubuhi hii hii. Siku nyingine akitoka, nitamtafuta kwa kitu gani?