Makofi ya Baba Mapacha

Kwako Baba Mapacha,

Sisi hatujambo. Mapacha wameota meno, sasa wanang'atana wao kwa wao.

Jana nilipanda jukwaani kwa niaba ya wakunga wenzangu, kuwaomba wakuu wa hospitali chumba cha watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati. Nilianza kwa kusoma takwimu. Wakapiga miayo, wengine wakachezea simu. Nikaweka karatasi chini, nikauliza, "Nani hapa amewahi kumbeba mtoto njiti?"

Mzee wa uhasibu akanyoosha mkono. "Mimi. Alikuwa mwepesi kama mkate, hata chafya niliogopa kupiga."

Ukumbi ukacheka, nami nikapata pumzi. Nikawasimulia jinsi mapacha wetu walivyozaliwa njiti, nawe ulivyowalaza kifuani ukiwaimbia kwa sauti yako ya chura, mpaka wauguzi wakakusihi unyamaze. Wakanisikiliza kweli. Chumba tumepewa.

Kisha mama mmoja akauliza, "Huyo mume yuko wapi, tumpigie makofi?"

"Yuko safarini, kikazi."

Sikusema kwamba tangu mapacha waanze kutambaa hujapiga simu. Wakakupigia makofi hivyo hivyo, nami nikapiga pamoja nao, machozi yakinilengalenga.

Njoo, mume wangu. Hata kwa kuchelewa, njoo.

Ni mimi, wako bado,
Mama Mapacha