Kujazwa kwa Tangi la Kanisa, na Suala la Nani Akae Chini Yake

Kumbukumbu za kikao maalumu cha Kamati ya Majengo na Maji, kilichofanyika Jumamosi, tarehe 14 ya mwezi wa tisa, nyuma ya kanisa, kwenye uwanja wa mnara mpya wa tangi. Kikao kilianza saa tatu na nusu asubuhi badala ya saa tatu, kwa sababu Katibu alisahau kalamu.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti (mkunga mstaafu)
2. Mhandisi (mjumbe, na mzee wa kanisa)
3. Fundi Seremala (mjumbe)
4. Katibu (fundi cherehani), mwandishi wa kumbukumbu hizi

WAALIKWA
1. Binti wa Mhandisi, naye pia mhandisi, aliyesanifu na kusimamia ujenzi wa mnara
2. Mama Mhandisi, mke wa mmoja na mzazi wa mwingine

WASIOHUDHURIA
1. Mchungaji, kwa taarifa: yuko hospitali kuwaona wagonjwa
2. Kiongozi wa kwaya, bila taarifa: saa tatu kasorobo alionekana kwa kinyozi. Katibu alikuwa akipita tu.

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwakaribisha wajumbe na kumwomba Mhandisi afungue kwa sala, akasisitiza iwe fupi. Mhandisi alisali dakika kumi na moja. Aliwaombea wagonjwa, yatima, wanafunzi wake wa hesabu za jioni, na mjane wa mtaa wa pili ambaye paa lake amelitengeneza mara mbili. Kisha alizitaja nguzo nne za mnara, moja baada ya nyingine, na boriti zake, na bolti. Fundi Seremala alisema "Amina" mara tatu kabla ya wakati.

KUMB. NA. 2/9: YATOKANAYO NA KIKAO KILICHOPITA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba katika kikao kilichopita Mhandisi aliahidi, kwa mdomo wake, kwamba mnara huu ni kazi ya binti yake na yeye hataugusa. Aliuliza kama ahadi imetimizwa. Mhandisi alijibu kwamba imetimizwa, kwa kiasi kikubwa.

Fundi Seremala aliomba kueleza kitu. Alisema Jumanne alfajiri, akienda karakana, alimwona mtu mwenye tochi na nyundo ndogo akigongagonga nguzo za mnara na kuzitegea sikio kama daktari. Alipomsalimia, mtu huyo alizima tochi.

Mhandisi alikiri. Alisema alikuwa ametoka kwenye ibada ya alfajiri na njia ilimpitisha pale. Mama Mhandisi alisema njia ya kwenda kwao haipiti pale, na tangu aolewe haijawahi kupita pale. Katibu aliona Binti amekunja mchoro mkononi mpaka ukawa mwembamba kama fimbo.

Fundi Seremala aliongeza kwamba kama mnara ungejengwa kwa mbao, kama alivyoshauri, haya yote yasingetokea. Mwenyekiti alisema hoja hiyo imejadiliwa vikao vinne na haitajadiliwa cha tano.

KUMB. NA. 3/9: UTARATIBU WA KUJAZA TANGI
Binti alieleza kwamba tangi ni la lita elfu kumi na limekaa mita sita juu ya ardhi. Litajazwa kwa pampu, na pampu itazimwa kila baada ya lita elfu ili kupima. Kipimo ni timazi, yaani uzi wenye kitonge cha chuma nchani, ulioning'inizwa kutoka juu ya mnara hadi kwenye alama ya chokaa chini. Mnara ukiinama, kitonge kitaiacha alama.

Katibu aliuliza swali ambalo yeye mwenyewe hakulielewa. Alijibiwa kwa upole.

KUMB. NA. 4/9: NANI AKAE CHINI YA TANGI
Mwenyekiti alieleza, kwa faida ya kumbukumbu, kwamba kwa miaka thelathini kila kitu alichojenga Mhandisi amekaa chini yake siku ya kukijaribu, yeye na familia yake. Watu wa mtaa huu hawasomi michoro. Wanaangalia kama amekaa au hajakaa. Aliwaonyesha wajumbe uzio, ambako akina mama wa watoto wa chekechea walikuwa wameshajipanga. Chekechea iko hatua ishirini kutoka kwenye mnara. Mhandisi asipokaa leo, alisema, hakuna mama atakayemwacha mtoto wake acheze hapa, na binti huyu hatapewa hata kazi ya kujenga banda la kuku.

Mama Mhandisi alithibitisha. Alisema chini ya paa la kanisa alikaa akiwa mchumba, mvua ikinyesha, na hapo ndipo alipogundua kwamba mwanaume huyu kwake matembezi ni hayo. Ukumbi wa shule alikaa chini ya ghorofa yake akiwa mjamzito. Chini ya daraja la mtaroni walikaa watatu, lori la mchanga likipita juu, na mtoto wa miezi minne mapajani. Alimwonyesha mtoto huyo kwa kidole. Mtoto huyo sasa ana miaka ishirini na minane.

Mhandisi alisema yuko tayari kukaa, tena kwa furaha. Aliomba kitu kimoja tu: aonyeshwe hesabu za msingi, nusu saa, karatasi moja.

Binti alikataa. Mazungumzo yaliyofuata Katibu aliyanukuu kama yalivyo, maana hakupata nafasi ya kuyapunguza.

"Baba, ukizikagua zitakuwa zako. Watasema mnara wa Mhandisi, binti alishika kamba tu."

"Karatasi moja, mwanangu. Sitatia hata nukta."

"Daftari langu la darasa la kwanza ulisema hivyohivyo, ukalirudisha jekundu lote."

"Ulikuwa umesahau kubeba moja kwenye kujumlisha!"

"Nilikuwa na miaka saba, Baba!"

Mwenyekiti aliingilia kati, akamuuliza Mhandisi inakuwaje kila Jumapili anaamini mambo makubwa mno bila kudai mchoro. Mhandisi alijibu kwamba yale yamepitishwa na mkubwa wake wa kazi. Wajumbe walicheka, isipokuwa Binti.

Mhandisi alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Alisema si kwamba hamwamini. Kazi ya mtu mwingine ikiwa na kosa, atalala, ataamka, atarekebisha. Kazi ya huyu, hata usingizi haumjii. Siku zege la msingi lilipomwagwa alifunga, hakula wala kunywa mpaka jioni, na hakumwambia mtu.

Mama Mhandisi alisema alijua, maana chakula alikikuta chote.

Binti alisema, kwa sauti ya chini, lakini wote walisikia mpaka kwenye uzio: "Mimi nilikaa chini ya daraja lako nikiwa na miezi minne, Baba. Sikuomba hesabu."

Mhandisi alivaa miwani. Alimwomba Fundi Seremala amsaidie kubeba benchi. Walilibeba wawili mpaka katikati ya nguzo nne, Mhandisi akaliweka sawa, akaketi, akapigapiga benchi kando yake kumwita mkewe, kama mtu anayemkaribisha jirani sebuleni. Mama Mhandisi aliketi huku akilalamikia mgongo. Kwenye uzio palipigwa vigelegele.

Azimio: Mhandisi akae. Amekaa.

Fundi Seremala aliomba iandikwe kwamba benchi ni la mbao. Imeandikwa.

KUMB. NA. 5/9: KUJAZA TANGI
Pampu iliwashwa saa nne na nusu. Mwenyekiti alielekeza Katibu asogee karibu ili anakili vipimo. Katibu alieleza kwamba anasikia vizuri kutoka alipo, penye lango. Mwenyekiti, ambaye kwa miaka mingi alizoea kuwapa amri akina baba walioishiwa nguvu mlangoni, alirudia maelekezo yake. Katibu alisogea. Kama mwandiko kuanzia hapa haueleweki, sababu ndiyo hiyo.

Lita elfu moja: kitonge kiko kwenye alama. Elfu mbili: kiko. Elfu tatu: kiko. Fundi Seremala alipiga magoti, akakitazama kwa jicho moja, akasema labda uzi umekwama. Binti alimkabidhi uzi auhakiki mwenyewe. Haukuwa umekwama. Elfu nne, tano, sita: kiko. Fundi Seremala aliinuka, akajipangusa magoti, akamwambia Binti, "Hongera, mwanangu," kisha akasimama chini ya mnara bila kuambiwa.

Lita elfu saba: tangi lilitoa mlio mkubwa, kama mtu anayejinyoosha mgongo. Watu wa kwenye uzio walirudi nyuma. Fundi Seremala alishika nguzo. Katibu alijikuta langoni, na hana maelezo ya jinsi alivyofika. Binti alieleza kwamba ni plastiki inatanuka kwa uzito wa maji na ndivyo inavyotakiwa. Alisoma kipimo: kiko kwenye alama.

Ilionekana kwamba Mhandisi hakushtuka. Alikuwa ameinamisha kichwa na kufumba macho, na Mwenyekiti aliwataka wajumbe wamheshimu, anasali.

Mama Mhandisi alimsogezea sikio. Akasema, "Anasali wapi. Amelala huyu."

Binti aliacha uzi, akaja akasimama mbele yake. Mhandisi alikuwa akikoroma taratibu, mdomo wazi, mikono mapajani, na tani saba za maji juu ya kichwa chake. Mama Mhandisi alisema huu ni usingizi wake wa kwanza wa maana tangu msingi uchimbwe. Binti alicheka huku machozi yakimtoka, akashindwa kusoma kipimo cha elfu nane. Alikisoma Fundi Seremala, kwa sauti ya chini. Kiko kwenye alama.

Tangi lilijaa saa sita na dakika arobaini. Kitonge hakikuiacha alama hata mara moja.

KUMB. NA. 6/9: KUFUNGA KIKAO
Sala ya kufunga ilikuwa imepangwa kwa Mhandisi. Mwenyekiti aliuliza kama aamshwe. Wajumbe wote walipinga, wa kwanza akiwa Binti, aliyeinua mkono ingawa ni mwalikwa na hana kura. Alipewa kura hiyo. Mwenyekiti alifunga kikao kwa kunong'ona saa saba kasoro dakika tano, na wajumbe waliondoka mmoja mmoja kwa kunyata. Mhandisi aliachwa alipo, mkewe akimfukuzia nzi.

(sahihi) Mwenyekiti
(sahihi) Katibu