Kaburi la Baba Anjela

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Bibi yako amepona, na mahindi yamebeba vizuri.

Unauliza kama watu wa visiwani watakijali kisiwa chenu mnachokichora kwenye kompyuta kuonyesha maji yatakavyopanda. Miaka ya soko huria, nikiwa mwandishi wa habari, nilifuatana na mtaalamu hadi kisiwa kidogo cha Ziwa Nyasa. Kompyuta yake ilionyesha jinsi maji yatakavyoula ufuko.

Mjane mmoja, Mama Anjela, akauliza, "Mume wangu amelala wapi hapo?"

Mtaalamu akagusa penye maji.

"Huyo akiwa hai alikataa kuhama," Mama Anjela akasema. "Leo nani atamwambia kwamba tunahama?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikwenda kaburini, akamwambia mumewe kwamba wanahama, akafunga udongo wa kaburi kwenye khanga, akauzika ng'ambo ya ziwa, walikohamia.

Kaburi sasa liko majini. Picha ile ya kompyuta haikuyazuia maji, ila ilimpa Mama Anjela muda wa kuaga.

Babu yako, Songea.