Kutembea na Martin

Jumanne, 2 Februari 1999
Treni ya Harrow imechelewa tena. Mchana ofisini Karen katusomea maswali ya gazetini: unapenda hatari kiasi gani? Nimewashinda wote. Martin hakuamini. Mimi, wa mtandio na uji wa chupa ya chai! Mwezi ujao wanakwenda Nyuzilandi kuruka darajani, kamba miguuni. Na mimi nimo.

Jumapili, 7 Februari
Kaka Nassor alipojirusha kutoka kwenye ndege kwa mwavuli, mama alipika biriani. Kila mgeni alionyeshwa kanda ya video. Mimi nimeambiwa "tutaona." Kwetu mwanamke husafiri kuolewa, kuzika au kutibiwa. Lakini tutaona si hapana.

Jumatatu, 8 Februari
Mdomo uliponza kichwa. Shangazi kapiga simu kutoka Pemba. Nikamwambia, "Mwezi ujao nakwenda kutembea na Martin." Nilikuwa naongeza: na Karen, na wenzetu wa ofisini. Laini ikakatika. Nilikuja hapa kwa Waingereza nina miaka tisa, na Kiswahili changu kimebaki huko huko. Mtoto hutembea na yeyote. Mwanamke mzima akitembea na mwanamume, kila mtu anajua wanafanya nini.

Ijumaa, 12 Februari
Pemba nzima inajua. Huku mtaani kwetu Kenton pia. Nimemweleza mama kwa Kiswahili, nimemweleza kwa Kiingereza. Analia tu.
"Weye mwenyewe umesema unatembea naye. Kwa ulimi wako."
Kaapa nikipanda ndege hiyo, mimi si mwanawe. Nassor kacheka, kaenda zake mpirani. Kwake ushujaa, kwangu uhuni. Namchukia. Wallahi namchukia.

Jumatano, 17 Februari
Nimejitoa. Ofisini nimesema mama anaumwa.

Jumatatu, 22 Machi
Wamerudi wamebabuka pua. Picha zimejaa mezani. Martin ananing'inia juu ya mto, mdomo wazi. Nimeitazama hiyo kuliko zote. Karen kanishika bega: labda watu wa kwenu hampendi mambo ya hatari, kila mtu na tabia yake. Maswali ya gazeti kashayasahau. Nikatabasamu. Nilitaka kumtupia stepla.

Jumamosi, 10 Aprili
Mvua imekatika. Nimevaa koti nitoke kidogo, niende popote. Mama alikuwa jikoni, anachagua mchele. Hakuinua uso.
"Unatembea na nani?"
"Kwa miguu, mama."