Nimefagia Msitu wa Watu

Kwa Baba yangu mpendwa, Mnyambe, Newala.

Shikamoo Baba. Najua umeshaitikia marahaba hata kabla ya kupata miwani yako, kwa hiyo naendelea. Mimi ni mzima. Kile kifua kilichonisumbua wakati wa baridi kimepona kabisa, na namwomba Mungu awape ninyi nyote afya kama hii au zaidi. Mgongo wako unaendeleaje? Na goti la Mama je, bado linamsumbua akiinuka kwenye mkeka? Nadhani korosho zimeanza kudondoka sasa. Natamani nijue kama ule mkorosho wa karibu na kaburi la Bibi umezaa mwaka huu, au umetununia tena.

Baba, leo nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza nikifika penyewe. Wiki iliyopita Shangazi Mwanahawa alinipigia kutoka Masasi. Hata salamu hakutoa. Alisema, "Weye Somoe, hivi nyota ngapi ushaziona wewe? Baba yako huko kila akikaa ni ntoto wangu bingwa wa nyota, ntoto wangu bingwa wa nyota! Sasa pale nsikitini wamemwambia akuulize mwezi wa Ramadhani utaandama lini." Akacheka mpaka simu ikakatika.

Mimi sikucheka. Nilikaa kitandani masikio yakiwaka moto. Sikukuonea wewe haya, nilijionea mimi. Miaka sita iliyopita, nilipoacha kulea watoto wa ile familia iliyonileta huku Austria, nilikuambia nimepata kazi kwenye kituo cha kuangalia anga, juu ya mlima. Ilikuwa kweli. Ila nilinyamazia hapo hapo, nikakuacha umalizie mwenyewe, nawe ukamalizia kwa ukarimu wako wote.

Basi ukweli ni huu: mimi ni mfagiaji. Nafagia ngazi za kituo, nafuta vioo, naokota takataka za wageni kwenye njia za msituni. Wewe umenifagilia huko miaka sita, na mimi nafagia huku. Najua neno hili litakuuma, kwa sababu unaitwa Baba Somoe. Kila anayekuita anataja jina langu, na jina hilo likiwa na uongo ndani yake, unatembea na uongo bila kujua. Sitaki utembee nao tena. Lakini nakuomba usikasirike kabla hujafika mwisho, maana nina jambo la kujisifu, na safari hii ni la kweli tupu.

Kwanza nikueleze huu mlima. Jina lake la Kijerumani hata nikiliandika hutaliweza, mimi mwenyewe lilinichukua mwezi mzima, kwa hiyo tuuite Mlima tu. Umesimama peke yake kando ya ziwa. Kuanzia chini mpaka karibu na kilele ni msitu wa misonobari, mweusi kwa jinsi miti ilivyobanana. Juu zaidi kuna aina nyingine ambayo majani yake membamba hugeuka rangi ya manjano msimu huu na kupukutika yote. Kileleni ni nyasi na upepo, na hapo ndipo penye kituo, mnara mfupi wenye kuba jeupe. Siku ikiwa safi unaona nchi za watu wengine kutoka pale. Wenzangu wanapotamba kwa hilo huwa nawaambia, hata kwetu Newala tunasimama ukingoni mwa lile bonde la Shimo la Mungu tunaitazama Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, tena bila kupanda mlima, kwa sababu sisi tunaishi huko huko juu.

Kitu kimoja kilinikasirisha mwanzoni, nakwambia bila kuficha. Ni maji. Huu mlima unatoa maji kila baada ya hatua mia, yanatiririka tu na hakuna anayeyakinga. Nilimkumbuka Mama na ndoo kichwani, akishuka bondeni na kupanda tena na mimi nikimfuata na kidumu changu, nikaona dunia haina haki. Hasira hiyo imepungua, haijaisha.

Wageni wanakuja mwaka mzima. Kiangazi wanatembea kwa miguu na fimbo mbili mbili, wazee wa umri wako, Baba, wanapanda mpaka juu kwa kujifurahisha tu. Wanachuma matunda madogo ya porini na uyoga. Theluji ikianguka wanafunga mbao miguuni na kuteremka wakiteleza, watoto wanakalia vigari visivyo na magurudumu na kupiga kelele mpaka chini. Nilijaribu mara moja. Sitasema zaidi.

Na zile nyota zako hazipo. Kituo chetu kinaangalia jua peke yake, mchana. Bwana Anton, mzee anayesimamia darubini, alinionyesha siku moja lile jua likiwa limetulizwa ukali wake kwenye kioo. Lina madoa, Baba! Aliniambia doa moja kubwa linaweza kuimeza dunia hii nzima. Nikamwambia, kumbe hata jua nalo halijafagiwa. Alicheka, kisha akaniuliza kwa nini siombi kuwa kiongozi wa wageni, niwatembeze na kuwasimulia mlima. Nikamjibu kwamba mfagiaji haombi kazi hiyo. Akasema, "Umejuaje, na hujaomba?"

Nikaomba. Mkuu wa msitu, Bi Helga, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi, alinipa vitabu na miezi minne ya kujiandaa kwa mtihani. Kila nikimaliza kufagia nasoma. Kumbe mlima huu uliwahi kuwa kipara. Zamani za babu wa babu zao miti yote ilikatwa ikachomwa mkaa wa kuyeyushia chuma, mpaka mvua ikawa inashusha udongo kwenye nyumba za watu. Baadaye wanakijiji, wengi wao wanawake, wakapanda miche kwa mikono, mmoja mmoja. Msitu unaoonekana kama uliumbwa na Mungu siku ya kwanza, ni watu waliupanda. Jambo hilo nililipenda kuliko yote, maana nililelewa kwenye mikorosho uliyoipanda wewe.

Mtihani ulikuwa wa kutembea. Watahini watatu wangepanda nami, na nusu ya njia, kwenye tambarare ndogo penye benchi, nisimame niwasimulie historia. Na hapo, Baba, ndipo nilipoharibu.

Siku moja kabla, nilipanda kuangalia mahali pale. Nikakuta majani yamejaa, matawi yamelala ovyo, magogo yameoza. Wageni wangu wanakuja kesho! Tena ni msimu huu huu ambao kwetu kila mtu yuko shambani anasafisha chini ya mikorosho ili korosho ikidondoka ionekane. Mikono ilinisisimka. Nikafunga ufagio wa matawi, nikafagia kuanzia asubuhi mpaka karibu na Alasiri. Majani nikayalundika pembeni, magogo nikayavingirisha huko. Kulikuwa na vijiti vimechomekwa ardhini, vina utepe wa rangi, nikadhani ni vya watoto, nikaving'oa nikavifunga vizuri pamoja. Nilipomaliza palikuwa safi kama kwako, ungefurahi ungeona. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Asubuhi nikawaongoza watahini. Maneno yalikuwa yananitoka vizuri mpaka tulipofika pale. Bi Helga alisimama. Mtahini mmoja, mtaalamu wa udongo mwenye ndevu nyeupe, alishika kichwa. Vijiti vile vilikuwa vyake. Miaka mingi, kabla hata mimi sijafika nchi hii, alikuwa anakuja kupima majani yanavyooza mahali pale na kugeuka udongo. Na magogo yale huachwa makusudi, wadudu wapate makao. Huku kufagia msitu ni kuuvua nguo.

Bi Helga aliuliza, "Nani amefanya hivi?"

Baba, ningeweza kusema ni wageni. Ningeweza kunyamaza, kama nilivyokunyamazia wewe. Nilisema, "Mimi."

"Kwa nini?"

Kijerumani chote kilinikimbia, nikakiokota neno moja moja. Nikasema kwetu Mnyambe ukipita ukakuta chini ya miti hapajafagiwa, unauliza kama mwenye shamba amefariki. Nilitaka wageni wajue kwamba msitu huu una mwenyewe.

Machozi yalikuwa karibu, nikainamisha uso, na ndipo nikaona kitu ambacho sikukiona jana yake kwa haraka zangu. Pale nilipofagia mpaka udongoni palikuwa na duara kubwa, limesawazishwa, na udongo wake mweusi tofauti na wa pembeni. Nimekulia kwenye mabiwi ya Mjomba ya kuchomea mkaa, ningelijua duara lile hata nikiwa nimefumba macho. Nikasema, "Hapa palikuwa na tanuri la mkaa."

Yule mzee wa udongo alipiga magoti, akatoa kisu, akachimba kidogo. Mkaa. Akachimba tena hatua tatu mbele. Mkaa. Alikaa chini kabisa na suruali yake nzuri, akasema, "Miaka yote hii hesabu za hapa zinakataa kukubaliana na za kwingine, na mimi nimekuwa nikilaumu mizani yangu." Kwenye ramani zao zote za matanuri ya zamani, hilo halikuwemo. Lilikuwa limefunikwa na majani, na majani hayo hakuna mtu mwenye akili za huku ambaye angethubutu kuyafagia.

Nikamaliza kusimulia historia nikiwa nimesimama katikati ya duara lenyewe. Baba, nilisimulia! Niliwaambia jinsi mlima ulivyoliwa na jinsi wanawake walivyourudishia miti, na Bi Helga asiye na maneno alikuwa anatingisha kichwa kukubali.

Nimefaulu. Bi Helga alinipa mkono akasema, "Wewe ni kiongozi wa wageni kuanzia mwezi ujao. Na ukigusa tena jani langu bila kuuliza, nitakutupa ziwani." Adhabu nayo nilipewa: nusu ya pale nimeirudishia majani kwa mikono, siku mbili nzima nimepiga magoti. Nusu nyingine mtaalamu ameomba ibaki wazi, nami niifagie kila msimu kama huu, ili alinganishe pande mbili. Sasa nafagia kwa ajili ya elimu, nimeandikwa kwenye daftari lake.

Msalimie sana Mama, mwambie nimejifunza kupika supu ya huku lakini haifikii hata robo ya kisamvu chake. Mdogo wangu Hamisi apunguze mwendo kwenye bodaboda yake, nimesikia habari zake zote. Shangazi Mwanahawa mwambie nimemsamehe kile kicheko. Mwalimu wangu wa jiografia wa Lulindi, ukikutana naye mnadani, mpe mkono kwa niaba yangu, yeye ndiye wa kwanza kunichorea mlima ubaoni. Na wazee wa msikitini waambie mwezi wautazame wenyewe, mimi nashughulika na jua.

Limebaki moja. Sehemu ile imewekewa kibao cha mbao na itaandikwa kwenye ramani mpya ya Mlima, kwa hiyo ilitakiwa iwe na jina. Walitaka kuweka langu. Nikasema hapana, huko kwetu jina langu limeshabebwa na mtu, tena analibeba vizuri. Nikawapa jina jingine, wakanifanya niwaandikie herufi moja moja wasikosee. Kwa hiyo Baba, wakikuuliza tena barazani binti yako anafanya kazi gani huko Ulaya, usiongeze kitu na usipunguze. Waambie Somoe anafagia Mnyambe.

Ni mimi mwanao,
Somoe