Televisheni Inayoomba Kusoma Meseji

Kibondo, Jumapili

Huyu Hamisi, mdogo wa mume wangu, atanitoa roho. Katoka Kasulu na televisheni ya mtandaoni ya kuweka kwenye simu, eti chaneli zote bure. Mama mkwe akafurahi, ataona tamthilia zake.

"Mwenye hiyo televisheni nani? Ikikwama tunamlalamikia nani?" nikamuuliza.

"Sijui, shemeji. Nilitumiwa tu kwenye grupu."

Nikaiweka kwenye simu ya mama, shingo upande. Kabla ya picha yoyote, ikaomba ruhusa ya kusoma meseji zake. Televisheni na meseji wapi na wapi? Meseji za benki si zinaingia humo humo? Nikaifuta. Mama kanuna, hata chai kakataa.

Sasa hivi Hamisi, kisharudi Kasulu, kapiga simu, sauti ya chini: "Shemeji, ile ruhusa, ukishaikubali, unaitoaje?"